Kuchagua kipima unyevu cha mbao cha bei nafuu: mwongozo wa fundi wa Mtwara

Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, neno unyevu linakuwa la kila mtu huku kwetu. Mkulima wa Tandahimba anafikisha gunia kwenye ghala la chama, karani anachota konzi moja, anaitia kwenye mashine, anasoma namba. Ikizidi, korosho zinarudi juani. Na mkulima mwenyewe hakwenda kwa kubahatisha: nyumbani alikwishazitikisa kiganjani akasikia zinalia, maana korosho iliyokauka hulia ndani ya ganda lake.

Sasa mwangalie fundi seremala wa mkoa huohuo. Ananunua mbao za laki tatu, anazigonga kwa kidole, anaibandika moja shavuni asikie ubaridi wake, anasema "hii kavu", na kesho yake gundi imeshapakwa. Mimi nimefanya kazi hivyo miaka mingi, na mara nyingi niliponea chupuchupu.

Siku ya kukamatwa ilikuja na meza ya kulia chakula, ya mtiki, upana wa sentimita 90. Niliiunga mwezi wa tatu mvua zikinyesha. Mteja akahamishwa kikazi kwenda Dodoma, akaondoka nayo. Mwezi wa tisa nikapigiwa simu: "Fundi, meza yako imefunguka. Kisu cha mkate kinapita." Nilikimbilia kuilaumu gundi. Aliponitumia picha nikaona gundi iko salama, mbao ndiyo iliyopasuka pembeni ya kiungo. Ilikuwa imesinyaa karibu sentimita nzima, na mimi nilikuwa nimeibana kwa skrubu kwenye fremu pande zote bila kuiachia nafasi ya kucheza. Nililipa mbao, nikalipa nauli, na aibu nikabaki nayo.

Baada ya hapo nikanunua kipima unyevu. Sikununua cha bei kubwa, na sikujutia. Ila miezi ya kwanza kilinipotosha karibu kama shavu langu, kwa kuwa nilikuwa nikisoma namba bila kujua inasema nini. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye namba, dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Jua namba unayoitafuta

Mbao haikauki mpaka mwisho ikatulia milele. Inavuta na kutoa maji kulingana na hewa iliyoizunguka, hadi ifike mahali inapopatana na hewa hiyo. Hewa ya joto la nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80 huituliza mbao kwenye unyevu wake wa asilimia 16 hivi. Hewa ya asilimia 75 huituliza kwenye 14, ya 70 kwenye 13, ya 65 kwenye 12. Chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa, hewa yake ikiwa 50 hadi 55, kitaishusha mbao mpaka 9 au 10.

Huku pwani ya kusini mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, Mei. Kipindi hicho hewa ni nzito, hata chumvi mezani inashikana. Kusi ikishika kuanzia Juni, hewa inakuwa nyepesi kidogo. Kwa hiyo mbao iliyokauka vizuri, ikikaa kwenye karakana ya wazi Mtwara au Lindi, itazunguka kati ya 13 na 16 mwaka mzima. Uikaushe juani hadi 10, ukiirudisha kivulini itapanda tena.

Hapa ndipo karatasi ya maelekezo inayokuja na kipima unyevu, tunachokiita mita, inapowapotosha wengi. Utasoma humo kwamba mbao ya fanicha iwe 6 hadi 8. Namba hiyo ni ya nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa joto miezi kadhaa na hewa ya ndani hukauka sana. Tengeneza droo kwa mbao ya asilimia 8 halafu uipeleke Mikindani kwenye nyumba ya madirisha wazi: itavimba, itakwama, na mwenye kabati atakuita usiku.

Namba ninazozifuata mimi ni hizi. Fanicha itakayobaki mjini kwetu kwenye nyumba ya kawaida, 13 hadi 15. Fremu na milango ya nje, 14 hadi 16. Ofisi au hoteli yenye kiyoyozi, 10 hadi 12. Kazi ya kwenda Dodoma au Singida, 10 au 11, na kwa hiyo mbao haziwezi kuungwa zikitoka moja kwa moja kwenye banda. Lazima zikae kwanza ndani ya chumba kikavu kwa wiki kadhaa. Kenchi za paa, angalau chini ya 20, kwa sababu juu ya hapo kuvu wa kuozesha mbao wanapata makazi.

Kuna namba nyingine ya kuishika: 28 hadi 30. Juu ya hapo mbao ina maji ya kumwagika yaliyojaa ndani ya vijitundu vyake, na yakitoka umbo halibadiliki. Chini ya hapo maji yanatoka ndani ya kuta za nyuzi zenyewe, na kusinyaa kunaanza. Kwa hiyo mbao iliyotoka 60 ikafika 30 inakuwa nyepesi sana mkononi lakini bado haijaanza kukusumbua. Fundi anayepima ukavu kwa kubeba begani anadanganyika hapo.

Ukitaka kuona ukubwa wa tatizo, piga hesabu ya meza yangu. Mtiki husinyaa kati ya asilimia 5 na 6 kwa upana wa mbao iliyopasuliwa bapa, toka ubichi hadi ukavu kabisa. Gawa hiyo kwa 28, unapata karibu 0.2 kwa kila pointi moja ya unyevu. Toka 16 hadi 10 ni pointi 6, yaani 1.2 kwa mia. Ya sentimita 90 ni milimita 11 hivi. Kisu cha mkate kinapita, tena kwa raha.

Jambo la mwisho kabla hatujaenda dukani, hasa kwa anayetoka kwenye korosho. Unyevu wa nafaka na korosho kwa kawaida huhesabiwa kwa uzito wa mzigo pamoja na maji yake. Wa mbao huhesabiwa kwa uzito wa mbao ikiwa kavu kabisa. Ndiyo maana mbao bichi inaweza kusomwa 80, au hata kupita 100, na si kosa la mita. Usilinganishe namba ya ghala na namba ya karakana.

Hatua ya 2: Sindano au bapa?

Mita za mbao ziko za aina mbili kubwa. Ya sindano ina miiba miwili unayoichoma kwenye mbao. Inapitisha umeme mdogo mno kati ya miiba hiyo na kupima jinsi mbao inavyoukinza. Maji yakiwa mengi umeme unapita kirahisi, yakipungua unakwama. Ya bapa haina miiba. Unaiweka juu ya mbao kama pasi, nayo inatuma mawimbi ndani kwa kina fulani, mara nyingi milimita 20 hivi, na kusoma yanavyorudi.

Ya bapa inavutia. Haiachi tundu, unapita nayo juu ya mbao 50 kwa dakika chache. Tatizo lake ni kwamba inahisi uzito wa mti pamoja na maji. Paini na mkongo zenye unyevu uleule zitakupa namba mbili tofauti kabisa, usipoweza kuiambia mita ni mti wa uzito gani. Zile nzuri zina kitufe cha kuingiza uzito huo. Zile za bei ya chini kabisa hazina, au zina chaguo la "laini" na "ngumu" basi. Kwa karakana ya kusini, ambako asubuhi unashika paini ya Mafinga, mchana mninga, jioni mtu analeta mwembe uliodondoka uwanjani kwake, hiyo ni shida ya kila siku. Tena inataka uso laini uliopigwa randa, ikae bila mwanya. Mbao za msumeno wa mnyororo zina mawimbi kama bahari ya kaskazi.

Ya sindano haisumbuliwi sana na uzito wa mti. Inatofautiana kidogo kati ya mti na mti, lakini tofauti hiyo unaweza kuirekebisha mwenyewe, nitaonyesha hapo chini. Udhaifu wake ni kwamba inaacha vitundu viwili, na miiba mifupi inasoma juu juu.

Ushauri wangu kwa anayenunua mita ya kwanza na ana bajeti ndogo: chukua ya sindano. Mtandaoni za kawaida huuzwa kati ya dola 15 na 40 kabla ya usafiri. Zinazoaminika, za bapa au za sindano, za makampuni yanayofahamika kwa mafundi wa nje kama Delmhorst, Lignomat na Wagner, zinaanzia karibu dola mia moja na kupanda. Ukianza kununua mbao kwa lori, tafuta hizo. Kabla ya hapo hela hiyo inunulie randa.

Isipokuwa mpingo. Wachongaji wa kinyago wa huku wanaijua ile mbao: inazama majini, na miiba ya mita ya bei nafuu inakatika juu yake kama njiti za kiberiti. Kwa mpingo tumia mizani, njia ya hatua ya 5, usipoteze sindano.

Hatua ya 3: Vitu vya kukagua dukani

Mtwara mjini unaweza kuzungukia maduka ya vifaa vya ujenzi ukaikosa. Wengi tunaagiza Kariakoo na kifurushi kinakuja na basi la usiku. Hilo lina hatari yake, kwani muuzaji akisikia "kipima unyevu" anaweza kukutumia chochote. Mwambie wazi ni cha mbao. Kile chenye fimbo moja ndefu ni cha udongo wa bustani. Chenye kikombe cha kumiminia ni cha nafaka. Omba picha kabla ya kutuma hela, uone miiba miwili ya chuma iliyochongoka, na kwenye skrini au mgongoni alama ya mti.

Angalia miiba kama inafunguliwa kwa mkono. Itakatika, hilo usiwe na shaka nalo, na mita ambayo miiba yake imepandwa ndani ya plastiki moja kwa moja ni ya kutupa siku hiyo. Uliza kama ina miiba ya akiba. Angalia betri: ya volti 9 au zile nyembamba za rimoti zinapatikana hata Newala, zile za kitufe zenye namba za ajabu utazitafuta wiki nzima. Na betri ikidhoofika, mita nyingi za bei nafuu hazizimi, zinaanza tu kusema uongo.

Angalia wigo wa kupimia. Mita ya kweli ya mbao ya sindano inaaminika kati ya 6 au 7 na 30 hivi. Ukiona imeandikwa 0 hadi 99, elewa kwamba namba za juu ya 30 ni makadirio tu, na za chini ya 6 usizihesabu. Sababu iko kwenye ukinzani wenyewe. Mita nyingi zimetengenezwa kwa kufuata mti wa Marekani uitwao Douglas fir. Mbao yake ikiwa na unyevu wa 20, ukinzani ni megaomu 2 hivi (megaomu moja ni omu milioni, na omu ni kipimo cha ukinzani). Ikifika 12, ni megaomu 120. Ikifika 8, inapita megaomu 4,000. Kadiri mbao inavyokauka kifaa kidogo kinalazimika kupima kitu kikubwa kupita uwezo wake, na upande wa pili, ikishajaa maji, ukinzani unakuwa haubadiliki sana.

Kitu kimoja cha kutokikubali kikulaghai ni desimali. Mita inayoonyesha 13.4 si sahihi zaidi ya inayoonyesha 13. Nyingi za kundi hili zinaweza kukosea pointi 1 hadi 2 kila upande, desimali isiwepo au iwepo.

Chaguo la makundi ya miti, kwa mfano manne, ni zuri kuwa nalo. Orodha yake mara nyingi itakuwa na miti ya Ulaya na Marekani, mninga na mkongo usitegemee kuiona. Taa ya skrini, sauti ya mlio, mfuko wa ngozi: mapambo. Kitufe cha kushikilia namba kina faida, maana utapima nyuma ya rundo usipoona skrini.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa rezista kabla ya kuiamini

Mita nyingine zinakuja na kofia yenye vituo viwili vya chuma vya kujipimia. Unagusisha miiba hapo na namba inayotakiwa imeandikwa kwenye karatasi yake. Kama yako haina, nenda kwa fundi redio. Mwombe rezista tatu, vile vipande vidogo vya ndani ya redio vinavyokinza umeme: megaomu 1 (mistari ya kahawia, nyeusi, kijani), megaomu 10 (kahawia, nyeusi, bluu) na, akiwa nayo, megaomu 100 (kahawia, nyeusi, zambarau). Zote kwa pamoja hazifiki bei ya chai na chapati.

Gusisha miiba kwenye miguu miwili ya rezista. Usiishike kwa vidole vya mikono miwili, kwani umeme utapita mwilini mwako na mita itakupima wewe. Iweke juu ya kigae kikavu au kipande cha plastiki. Kwa mita iliyowekwa kwenye kundi la miti laini, megaomu 1 inapaswa kusomwa karibu 22, megaomu 10 karibu 16, megaomu 100 karibu 12. Ikitofautiana kwa pointi moja, nzuri. Ikitofautiana kwa pointi 4, au ikikupa namba mpya kila ukigusa, irudishe ungali na risiti.

Rezista hizo zifunge na utepe uziweke kwenye boksi la mita. Kila baada ya miezi michache, na kila ukibadili betri, rudia. Namba ulizozipata siku ya kwanza ndizo za kulinganisha.

Hatua ya 5: Ifundishe miti ya huku

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote, nami niliiruka. Mita yako haijui mninga. Kuna njia ya kuujua unyevu wa kweli bila mita yoyote: kupima uzito, kukausha kabisa, kupima tena.

Kata mbao unayoitumia sana, sentimita 30 au zaidi kutoka kwenye ncha, utoe kipande chenye unene wa sentimita mbili na nusu kufuata urefu wa mbao. Kisiwe na fundo wala ufa. Mara tu ukishakata, choma mita kwenye mbao jirani na ulipokata, andika namba. Hapohapo pima kipande kwenye mizani. Mizani inayosoma 0.1 ya gramu ndiyo inayofaa, kama ile midogo ya wanunuzi wa dhahabu. Ukiwa na ya jikoni inayosoma gramu nzima, kata kipande kikubwa cha gramu 200 na kuendelea.

Kisha oveni ya umeme, nyuzi 103. Oveni za nyumbani hazina uaminifu kwenye kitasa, kwa hiyo weka kipimajoto ndani na uhakikishe uko kati ya 100 na 105. Tanuri la mikate ni kali mno, na mkaa hauna breki. Kipande kikigeuka kahawia na kutoa moshi kimeshapoteza mbao yenyewe, hesabu imeharibika. Kiache usiku mzima, halafu kipime kila saa. Uzito ukikataa kushuka mara mbili mfululizo, kimekauka.

Tuseme kilikuwa gramu 84.6 na sasa ni 73.2. Maji yaliyotoka ni 11.4. Gawa 11.4 kwa 73.2, zidisha kwa 100: unapata 15.6. Kama mita ilisema 13.5, basi kwa mbao ya mti huo, mita yako inapunguza pointi mbili. Rudia kwa vipande vitatu toka mbao tofauti, uchukue wastani. Andika kwa kalamu nene kwenye ukuta wa karakana: MNINGA, ONGEZA 2. Fanya hivyo kwa miti minne au mitano unayoishika, nawe utakuwa na jedwali ambalo kiwanda hakikukuwekea.

Mke wangu hakufurahia kuona mninga kwenye oveni ya keki. Mjulishe mwenye jiko mapema.

Kuna marekebisho ya joto pia. Mita za sindano kwa kawaida zimewekwa kwa mbao ya nyuzi 20 hivi. Mbao yenye joto hupitisha umeme kirahisi zaidi, hivyo mita inasoma juu kuliko ukweli, karibu pointi 1 kwa kila nyuzi 11. Banda letu la nyuzi 31 mchana linataka utoe pointi moja. Mbao iliyoanikwa juani hadi haishikiki, usiipime. Iache kivulini ipoe. Ukifanya jaribio la oveni kwenye joto lilelile unalofanyia kazi, marekebisho yatakuwa yameshaingia ndani ya namba yako ya ukutani, usiyafanye mara mbili.

Hatua ya 6: Namna ya kuchoma

Pima mbali na ncha, sentimita 30 au zaidi, kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko tumbo. Muuzaji mjanja atakupa uchome ncha. Usichome kwenye fundo wala kwenye ufa. Miiba ipange kufuata nyuzi za mbao, isipokuwa karatasi ya mita yako inasema vingine. Ukiwa chini ya 15 tofauti ni ndogo, juu ya hapo inaongezeka. Sukuma mpaka miiba iingie yote iwezavyo. Kugusagusa juu hakupimi kitu.

Mita ya sindano husoma tabaka lenye maji mengi kuliko yote linaloguswa na chuma. Hilo lina pande mbili. Mbao iliyonyeshewa jana, au iliyolala nje ikapata umande, itasoma 25 juu wakati ndani ni 14. Na mbao nene inayoendelea kukauka itasoma 14 juu wakati kiini ni 22. Hii ya pili ndiyo ya hatari, na ndiyo ya kawaida sokoni.

Kwa mbao ya inchi 2 iliyokwisha kuwa yako, kata sentimita 30 kutoka ncha, choma katikati ya uso mpya uliokatwa, mara moja kabla hewa haijaufikia. Choma na pembeni pia. Kama katikati ni 19 na pembeni 14, mbao hiyo haijaiva. Ukiipasua leo kupata mbao mbili nyembamba, zitajikunja kama ulimi kesho.

Kwa mbao usiyoruhusiwa kuikata, tumia misumari miwili. Ipigilie kwa umbali uleule wa miiba ya mita, iingie theluthi ya unene, halafu gusisha miiba kwenye vichwa vya misumari. Mradi uso ni mkavu, utasoma kule ndani.

Usipime mbao moja ukaridhika. Kwenye rundo la mbao 20 ninapima 6 au 7, za juu, za katikati, za chini, kila moja sehemu tatu. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kutolingana. Mbao zote zikiwa 16 naweza kupanga kazi. Nusu 12 na nusu 18, top ya meza itageuka ngazi.

Hatua ya 7: Yanayoidanganya mita huku pwani

Chumvi iko mbele ya yote. Mbao ya dau la zamani au jahazi lililovunjwa, ambayo watu wa hoteli wanaipenda siku hizi, imejaa chumvi ya bahari, na chumvi hupitisha umeme. Mita itapiga kelele 28 kwenye mbao kavu kabisa. Vivyo hivyo mbao iliyolowekwa majini pwani. Nguzo na kenchi zilizotiwa dawa ya chumvichumvi nazo husoma juu. Kwa hizo zote, mizani na oveni.

Mita ya bapa, kama ndiyo uliyochagua, ina maadui wake: meza ya chuma chini ya mbao nyembamba, rundo bichi chini yake, hata kiganja chako. Inua mbao hewani kwa vipande viwili kabla ya kupima.

Rangi, vanishi, gundi: usichome juu yake.

Hatua ya 8: Ifuatilie stoo

Hapa mita ya bei nafuu inalipa kuliko popote, kwa kuwa hata ikikosea, inakosea vilevile kila siku, nawe unachotaka kujua ni kama namba bado inashuka. Panga mbao kivulini, juu ya matofali, sentimita 40 toka ardhini, na vijiti vya unene mmoja kati ya tabaka na tabaka, kila kijiti wima juu ya mwenzake. Paka ncha rangi nzito au nta mapema. Chagua mbao tatu za mfano, zitie alama, uzipime kila Jumamosi mahali palepale, na uandike tarehe na namba kwa penseli juu ya mbao yenyewe.

Namba ikishuka 24, 21, 19, 17, acha kazi iendelee. Ikigoma wiki tatu nne kwenye 15, mbao imepatana na hewa ya Mtwara, na kuisubiri zaidi ni kupoteza nafasi ya stoo. Kama kazi ni ya hapahapa, anza kupiga randa. Kama ni ya Dodoma, ihamishie ndani: chumba chenye bati linalopata jua, madirisha yakifungwa jioni kabla unyevu wa usiku haujaingia, na uendelee kupima hadi 11. Na top ya meza uifunge kwenye fremu kwa vibanio vinavyoteleza kwenye mfereji, au skrubu kwenye matundu marefu, mita iseme itakavyosema.

Ukimaliza, futa miiba, ivishe kofia yake, na kama mita itakaa zaidi ya mwezi, toa betri. Yangu ya kwanza iliozea betri ndani ya droo, kwenye kabati kavu la asilimia 14.